BMX ipi inakufaa? Mwongozo kwa wanaonunua Kariakoo na Gerezani

Ukiingia duka la baiskeli Kariakoo ukasema unataka BMX, muuzaji wala hakuulizi swali la pili. Anakushushia yoyote yenye matairi madogo, anaipiga siti kofi mbili vumbi litoke, anakwambia "hii ndiyo yenyewe mdogo wangu, kitu na boksi". Wiki tatu baadaye upo Gerezani kwa fundi wa kuchomelea mageti, foku imepinda na unaomba akunyooshee kwa bei ya kishkaji. Wadau, hapa ndipo hela za vijana wengi zinapoishia, na wengine zinaishia pamoja na meno ya mbele. Kwa hiyo leo tuongee kwa kirefu: BMX ni nini hasa, zipo za aina gani, na wewe kwa namna unavyotaka kuchezea unatakiwa uchukue ipi.

Kwanza jina. Bongo kila baiskeli ndogo isiyo na keria tunaiita BMX, ndiyo maana hata zile za kukodi kwa dakika uswahilini watoto wanaziita hivyo hivyo. Si kosa la mtu, jina limeshakaa. Lakini BMX yenyewe ni motokrosi ya baiskeli, na ile X ni msalaba, ndiyo "krosi" yenyewe. Ilianzia California, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970, pale madogo waliokuwa wanahusudu mashindano ya pikipiki walipoanza kuiga kwenye vumbi na baiskeli zao za Schwinn Sting-Ray. Filamu ya On Any Sunday ya mwaka 1971 inaanza na watoto hao hao, na ikaisambaza ile homa. Kisha ikaja filamu ya E.T. mwaka 1982 na zile BMX za Kuwahara, dunia nzima ikachanganyikiwa. Mbio za BMX ziliingia Olimpiki Beijing 2008, na ile ya michezo ya hewani, wanayoiita fristaili, ikaingia kwenye Olimpiki ya Tokyo iliyofanyika 2021. Na msidhani ni mambo ya wazungu tu. Mashindano ya dunia ya mwaka 2010 yalifanyika Pietermaritzburg, Afrika Kusini, na Msauzi Sifiso Nhlapo alishindana Olimpiki ya 2008 na ya 2012. Mtu wa huku huku kwetu Afrika.

Sasa tuje dukani.

UTAJUAJE KAMA NI BMX YA KWELI

Zinazouzwa mjini zipo za makundi matatu. La kwanza ni baiskeli za watoto zilizobandikwa stika kali, moto na fuvu la kichwa. La pili ni mtumba, za Japani na za Ulaya, ambapo ukiwa na jicho unaweza kuokota dhahabu na ukiwa huna unabeba chuma chakavu. La tatu ni BMX halisi, na hizo ni chache na bei yake inauma. Ukifika, usiangalie rangi. Angalia vitu vifuatavyo, na usimwonee haya muuzaji, hela ni yako.

Anza na mikono ya pedeli. Kama ni chuma kimoja kilichokunjwa, kimetokea upande mmoja kikapita kwenye fremu kikatokea upande wa pili bila kuungwa popote, hiyo ni ya bei rahisi. Ni mtindo wa zamani, si mbaya kwa kuzungukia mtaa, lakini ukiruka ngazi mara kadhaa unapinda na pedeli zinaanza kuyumba kama mlevi. BMX ya kuchezea ina vipande vitatu: mkono wa kulia, mkono wa kushoto, na ekseli katikati, vimefungwa kwa nati. Kuna faida nyingine ya kujua hili. Pedeli za mkono wa kipande kimoja zina tundu la nusu inchi, na za vipande vitatu zina tundu la inchi 9/16. Ukinunua pedeli bila kujua unayo ipi, utarudi dukani kubadilisha, na si unajua tena maneno ya "mali ikishatoka hairudi".

Nenda kwenye usukani. Zile za kizamani usukani umechomekwa ndani ya bomba la foku, unakazwa kwa bolti moja ndefu ya juu. Za kisasa zinabana foku kwa nje, bolti zipo ubavuni na kikofia kipo juu. Huo wa pili ndio unaoweza kuvumilia mtu anayerukaruka. Kisha hesabu spoku. BMX ya maana huwa na 36 kila tairi. Ukikuta 28 kwenye rimu nyembamba, jua hiyo ilitengenezwa kwa mtoto wa darasa la pili, na wewe una kilo 60.

Halafu chuma chenyewe. Stika ikiandikwa Hi-Ten, ni chuma cha kawaida, kizito na laini kidogo. Ikiandikwa 4130 au Cr-Mo, hiyo ni kromoli, chuma kilichochanganywa kromiamu na molibdenamu, kinakuwa na nguvu hata bomba likiwa jembamba. Sasa kuna wajanja wanaokuja na sumaku dukani kupima kama ni kromoli. Acheni hizo. Kromoli ni chuma, Hi-Ten ni chuma, zote sumaku inanasa. Sumaku itakusaidia tu kujua kama ni alumini. Na stika inabandikwa na mtu yeyote mwenye mkasi. Njia ya uhakika zaidi ni kuinyanyua: BMX kamili ya kromoli kwa mtu mzima iko kwenye kilo 10 hadi 12, na ukikuta inayodaiwa ni kromoli halafu inakutoa kijasho kuibeba, hapo pana walakini. Angalia pia zile sikio mbili za nyuma ekseli inapoingia. Kwenye fremu nzuri ni bamba nene la milimita 5 au 6, kwenye feki ni kama mfuniko wa sufuria umekunjwa.

TAIRI: MTEGO WA INCHI 20

Hili nalipa aya yake kwa sababu limewatesa wengi. BMX ya kawaida ni inchi 20. Lakini inchi 20 ziko mbili tofauti, na haziingiliani hata ukitumia nyundo. Ile ya BMX inaandikwa kwa nukta, mfano 20 x 1.95 au 20 x 2.125, na rimu yake ina kipimo cha milimita 406. Ile nyingine inaandikwa kwa sehemu, 20 x 1 3/8, na rimu yake ni milimita 451. Ya pili inapatikana kwenye baiskeli ndogo za mtumba za Japani, zile nyembamba za akina mama na za wanafunzi. Ukinunua mtumba wa namna hiyo ukidhani ni BMX, ukaenda kutafuta tairi nene la kuchezea, halitaingia hata kwa maombi, kwa sababu rimu imezidi milimita 45. Kwa hiyo kabla ya kutoa hela, inama usome ubavuni mwa tairi. Ukiona 406 mwishoni mwa namba, sawa. Ukiona 451, rudisha. Habari njema ni kwamba matairi ya nukta ndiyo hayo hayo ya baiskeli za watoto, kwa hiyo tairi na tyubu za kawaida hutazikosa mjini.

KWANZA JIULIZE: UNATAKA KUFANYA NINI?

Nianze na watu wengi zaidi, ambao wanataka BMX ya kwendea kazini au chuo. Mshikaji, usinunue. Naongea kwa upendo. BMX siti yake iko chini, magoti yanakuja karibu na kidevu, na haina gia za kubadilisha. Chukua mahesabu: gia ya mbele meno 44, ya nyuma 16, tairi linazunguka mara 2.75 kwa kila mzunguko wa pedeli. Tairi la 20 x 2.0 likizunguka mara moja linakwenda kama mita 1.6. Maana yake kila ukikanyaga mzunguko mzima unasogea mita 4 na ushee. Kilomita 10 ni mizunguko kama 2,300 ya miguu, kwenye jua la Dar, na bado unarudi jioni. Kwa safari ya Gerezani mpaka Mbagala tafuta Phoenix, au mtumba wa milimani wenye gia. BMX ni kama kiatu cha mpira wa miguu, hakivaliwi kwendea harusini.

Kama unataka mbio, za kukimbizana kwenye njia ya matuta, kumi mpaka mwisho mko wanane mstari wa kuanzia na mnashuka kilima kwa pamoja, basi BMX yake ni nyepesi, mara nyingi fremu ya alumini, ndefu kidogo, matairi membamba yaliyojazwa upepo mpaka yawe kama jiwe, breki moja ya nyuma, na hakuna pegi. Nzuri, kali, lakini hapa kwetu sioni sababu ya kuinunua kama huna njia ya kukimbilia. Na ole wako uipeleke mtaani kurukia kuta. Alumini haipindi kwa kukuonya, inapasuka.

Matuta ya udongo ndiyo ndugu wa mbio: unaruka kutoka lundo moja la udongo kwenda jingine. Inataka tairi lenye meno, fremu iliyonyooka nyuma kwa urefu kidogo ili itulie hewani, na breki inayofanya kazi. Ukiwa na eneo, majembe mawili na washkaji wanne, njia mnaijenga wenyewe kwa wikiendi mbili. Shida ya katikati ya jiji ni eneo. Mkijenga leo, kesho kutwa mnakuta pameegeshwa Fuso.

Rampu, yaani zile kuta za mbao au zege zilizopinda, zinataka baiskeli nyepesi ya kromoli, tairi laini lisilo na meno makubwa, na usukani mrefu. Viwanja vya namna hiyo ni adimu kwetu, kwa hiyo sitakaa sana hapo. Anayetaka kuona uwezo wa mtu kwenye rampu atafute video za fainali ya Paris 2024, aliposhinda José Torres Gil wa Argentina kwa wanaume na Deng Yawen wa China kwa wanawake.

MTAANI NA BAPA, HAPA NDIPO PETU

Mtaani ni pale uwanja wako unapokuwa mji wenyewe: ngazi, kingo za zege, vyuma vya kushikilia, mteremko wa maduka. Hii ndiyo inayoua baiskeli kuliko zote, kwa hiyo ndiyo inayotaka baiskeli imara kuliko zote. Kromoli, hapo hakuna mjadala, angalau bomba la mbele na la chini na foku. Tairi nene, 2.3 kwenda juu. Gia ndogo: siku hizi wanaweka mbele meno 25 na nyuma 9, na ukigawanya unapata karibu ile ile 2.75, ila gia ya mbele ikiwa ndogo haigongi ukuta unapopanda kingo. Na pegi, vile vibomba vinavyofungwa kwenye ekseli kwa ajili ya kuserereka. Hapa kuna jambo. Ekseli ya nyuma ya BMX ya mtaani ina unene wa milimita 14. Ekseli za baiskeli za kawaida ni nyembamba, kama milimita 10. Ukifunga pegi kwenye ekseli nyembamba ya nyuma halafu ukazisimamia kwa kuruka, ekseli inapinda siku hiyo hiyo, gololi zinamwagika. Kama unachotaka ni kumpakia mshikaji asimame nyuma, hapo inaweza kuvumilia kwa muda, ila hiyo siyo BMX, hiyo ni daladala.

Bapa ndiyo naipigia debe. Ni kucheza dansi na baiskeli pale pale ulipo: unasimama kwenye pegi ya mbele, unazungusha fremu, unarudi nyuma bila kukanyaga, mguu haugusi chini. Hutaki ngazi, hutaki rampu, hutaki kilima. Unataka sakafu laini tu yenye ukubwa wa chumba na sebule. Kwa mtu wa Gerezani, ambako kila mita ya ardhi ina gereji, kontena au meza ya mtu, hakuna mtindo wa BMX unaotufaa zaidi ya huu. Hutishii waenda kwa miguu na hata mlinzi wa jengo akikuangalia dakika kumi anaanza kupiga makofi.

Baiskeli ya bapa ni fupi, pegi zipo zote nne, na foku yake imenyooka kabisa au karibu kabisa, haijachongoka mbele kama za kawaida, ili usukani uzunguke bila kukuvuta. Nyuma inakuwa na habu maalumu inayoruhusu baiskeli kurudi nyuma pedeli zikiwa zimetulia. Hiyo habu ni ghali, wala usiitafute mwaka wa kwanza. Anza na BMX yoyote nzuri ya mtaani, ongeza pegi mbele, jaza upepo mwingi kwa kiwango kilichoandikwa ubavuni mwa tairi, jifunze kusimama juu yake bila kusogea. Hilo pekee litakula mwezi mzima. Ukitaka breki na usukani uzunguke bila waya kujinyonga, kuna kifaa kinaitwa jairo, kinakaa shingoni mwa fremu. Zile za watoto nazo huja na jairo la mapambo, waya umelegea na breki haishiki. Ijaribu hapo hapo dukani: bana breki, sukuma baiskeli mbele. Tairi la nyuma likizunguka, usikubali kuambiwa "itakaza yenyewe".

KIMO CHAKO

BMX haipimwi kwa urefu wa siti. Karibu zote zina tairi sawa, kinachotofautiana ni bomba la juu la fremu, kutoka katikati ya bomba la siti hadi katikati ya shingo. Chukua futi kamba ya fundi cherehani upime. Kwa makadirio, kama hujafika futi 5 na inchi 5, tafuta inchi 20 hadi 20.5. Ukiwa kati ya hapo na futi 5 na 9, inchi 20.5 hadi 20.75. Ukizidi, inchi 21 na kuendelea. Anayecheza bapa apunguze kidogo, anayeruka matuta aongeze kidogo. Mdogo wako wa miaka saba usimnunulie ya inchi 20 eti "ataikulia", mpe ya inchi 16 au 18 aimudu leo.

MTUMBA, NA MAFUNDI WETU

Ukinunua iliyotumika, igeuze juu chini. Pitisha kidole chini ya fremu, pale mabomba mawili yanapoungana na shingo. Rangi ikiwa imejikunja kama ngozi ya maziwa, au kuna mpasuko mwembamba kama unywele, hiyo baiskeli imeshagonga ukuta. Iache, hata kwa bei ya kutupa. Simama mbele yake ufumbe jicho moja uangalie kama miguu ya foku iko sambamba. Zungusha tairi: likicheza kulia kushoto ni spoku, zinanyooshwa. Likikwaruza kwa ndani ni gololi, bei yake ndogo. Tafuta namba iliyogongwa chini ya fremu, pale pedeli zinapopita, na ukiikuta imesagwa kwa grenda, ondoka taratibu. Mali ya wizi ikikutwa kwako, kesi ni yako. Dukani dai risiti ya EFD, kwa mtu binafsi mwandikishane na shahidi awepo.

Mafundi wa Gerezani nawaheshimu sana, wanatengeneza vitu ambavyo kiwandani wangevitupa. Lakini foku iliyokatika na shingo ya fremu iliyopasuka si vitu vya kuchomelea kwa vijiti vya mageti. Ukuta wa bomba la kromoli unaweza kuwa chini ya milimita moja, moto ule unaula, na pembeni ya weldi panabaki pagumu na dhaifu. Itashika vizuri tu, ukiwa unaenda polepole. Itaachia siku uko hewani, na foku ikiachia mtu anatangulia na uso. Kunyoosha sikio la nyuma, kukata bomba la kutengenezea pegi, kuchonga spesa, hapo mpe fundi kazi kwa moyo mmoja. Foku nunua nyingine.

Breki usitoe. Najua kwenye video wanatoa, wanasimamisha tairi kwa kiatu. Wao wako kwenye uwanja uliofungwa. Wewe ukitoka tu kichochoroni unakutana na bodaboda, guta la maji na basi la mwendokasi, na njia ya mwendokasi si ya baiskeli hata ikiwa tupu. Kofia ngumu vaa, hata ya mtumba isiyo na ufa. Na mazoezi ya barabarani fanyeni Jumapili alfajiri, kabla mji haujachanganya. Viwanja vya umma na vya taasisi ombeni ruhusa kwanza, na pegi za chuma msizilaze kwenye sakafu ya mpira wa kikapu, mtafukuzwa na waliokuja nyuma yenu hawataruhusiwa tena.

Ukishanunua, wiki ya kwanza pita na spana kila nati, maana zikitoka boksini hukazwa kwa haraka haraka. Spoku nazo zikazwe tena baada ya hapo, zinalegea zikishazoea uzito wako. Na pedeli ya kushoto inakazwa kinyume, kuelekea kushoto. Ukiona fundi anailazimisha kulia, mnyang'anye spana.